Vijiti Nilivyovitoa Kwenye Mzigo Wako

Lusahunga, Jumapili alasiri

Mwanangu Verediana,

Salamu za kukuuliza hali sina, maana nakusikia hapo uani unacheka na wenzako wa kwaya waliokuja kukuaga. Nimejifungia chumbani na nimemwambia baba yako asiseme niko wapi. Nimechana karatasi katikati ya daftari lako la zamani la jiografia, naandika haraka kabla hujaingia kutafuta kitana. Barua hii nitaisokomeza ndani ya mzigo wako, utaikuta kesho ukifika Keza.

Nianze na kosa langu la leo ili tusizunguke. Lile fungu la vijiti vya mihogo ulilolifunga kwa gunia na kulikaza kwa mpira wa tairi, nimelitoa. Usimsingizie mdogo wako wala utingo wa basi. Ni mimi. Nililitoa asubuhi ulipokuwa kanisani, nikalirudisha shambani. Najua utakasirika, kwa sababu juzi tuligombana kwa ajili ya vijiti hivyo hivyo. Ulinitazama usoni ukasema, "Mama, mihogo hii ndiyo iliyonisomesha. Kwa nini nisiende nayo?" Nikakosa jibu, nikakupigia kelele, kama ilivyo kawaida yangu nikikosa jibu. Leo jibu ninalo, ila ni refu na mdomo wangu hauna subira.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala sala, wala wanaume. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na mengine unanishinda. Wewe ni mwalimu sasa. Una nyumba ya shule na kipande cha shamba nyuma yake, na umeshamtangazia kila mtu kwamba mvua za kwanza zikishuka utapanda. Mwalimu mgeni kijijini hutazamwa shamba lake kabla hajasikilizwa darasani. Hilo ndilo linaloninyima raha tangu juzi. Sitaki uanze maisha yako kwa kosa nililoanza nalo mimi.

Unajua kwamba nilitoka Mugoma, kule Ngara. Usichokijua ni mzigo niliokuja nao. Siku ya kuolewa kwangu mama yangu aliingia mgombani mapema, akang'oa machipukizi ya ndizi zake za kupika, yale manene yenye afya, akayafunga kwa majani makavu na kunikabidhi mbele ya wageni. Alisema neno moja tu, "Imbuto." Kwetu, kwa Kihangaza, imbuto ni mbegu, lakini alivyolitamka siku ile lilikuwa kubwa kuliko mbegu. Alikuwa ananikabidhi nyumba yake. Nilipanda lori nikiwa nimeyapakata, na dereva aliponiambia niyaweke nyuma na magunia nilimtolea macho mpaka akanyamaza mwenyewe.

Serikali ya kijiji ilikuwa imempa baba yako shamba hili muda mfupi kabla ya ndoa yetu. Sharti lilikuwa moja, na alinieleza siku ya kwanza kabisa: shamba lisipoendelezwa linarudi kijijini, anapewa mwingine. Nilimcheka. Binti wa Mugoma ashindwe kuendeleza shamba?

Udongo wa hapa unaufahamu. Mvua ikinyesha asubuhi, jioni miguu inatimua vumbi. Kule kwetu udongo ni mwekundu na mzito, ukungu unakaa mabondeni mpaka saa nne, na mgomba ukishauchomeka ardhini unaweza kwenda zako. Tofauti hiyo hata mtoto angeiona. Mimi sikuiona, kwa sababu sikuutazama udongo. Nilitazama mahali pa kuweka migomba ya mama yangu.

Baba yako, mtu mpole yule, aliniambia mara moja tu. "Mke wangu, huku kwetu watu wanarima mihogo na mtama." Nikamjibu mbele ya shangazi yake, "Huko kwenu. Mimi sikuzaliwa kula chakula cha njaa." Vere, maneno hayo nimeyabeba mpaka leo na bado nayaonea aibu. Watu wote walioyasikia walikuwa wametoka kula ugali wa muhogo, na walikuwa wamenikaribisha mimi kwenye sahani hiyo hiyo.

Nikachimba mashimo yanayofika gotini, nikajaza samadi, nikateka maji kwa ndoo asubuhi na jioni. Mvua zilipokuwepo migomba ilisimama, nikatembea barabarani shingo imenyooka. Kiangazi kilipofika majani yakaungua kuanzia pembeni, na mikungu iliyotoka ilikuwa na vidole kama vya mtoto mchanga. Nikasema ni mchwa. Mwaka wa pili nikarudi Mugoma kuchukua machipukizi mengine, nikamdanganya mama kwamba ya kwanza nimegawia majirani walioyatamani. Nayo yakafa. Safari hii nikasema ni jicho la watu. Nilimsingizia kila mtu na kila mdudu, isipokuwa mimi mwenyewe. Mwaka wa tatu nikarudi tena Mugoma. Wewe ulikuwa umeshazaliwa, na tulikuwa tunakula kwa kutegemea tairi za watu zipasuke ili baba yako azizibe.

Ndipo barabara ikajaa. Wewe hukumbuki, ulikuwa mgongoni. Watu walikuja kutoka Burundi, wengine na magodoro kichwani, wengine na mbuzi, wengine wameshika mikono ya watoto tu. Baadaye wakaja wa Rwanda, wengi zaidi, na malori ya chakula cha msaada yakawa yanapita hapa njia panda mchana kutwa. Siku hizi wakimbizi wakitajwa watu wanasema habari za miti iliyokatwa na ng'ombe walioibwa. Sikatai, hayo yalikuwepo. Mimi nikisikia wakimbizi namkumbuka Domitila.

Alikuja bandani kwa baba yako kuomba maji. Alikuwa na mtoto mgongoni wa umri wako, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu, hata sufuria. Kirundi chake na Kihangaza changu vinasikilizana, tukaongea mpaka maji yakasahaulika. Nikamwonyesha kona ya shamba nyuma ya banda ajenge kibanda chake, akakubali, akaniambia atanisaidia kulima. Nilijiona mtu mwema sana siku hiyo.

Wiki ile ile akaanza kuzunguka. Kila nyumba ya hapa Lusahunga aliingia, akapiga magoti kwa wazee, "Shikamoo mama," "Marahaba," kisha akauliza swali moja kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Ni kitu gani hapa kinaota hata mtu asipokihangaikia?" Akiulizwa ana mbegu gani anasema hana. Basi wakampa. Huyu marando ya viazi vitamu, yule vijiti vya mihogo, bibi mmoja Msubi, mwenyeji hasa wa hapa, kiganja cha karanga na maelezo ya nusu siku: mvua ya kwanza ya hapa ni mwongo usiiamini, ngoja ya pili, karanga weka pale panapoota nyasi fulani nyembamba, pale penye changarawe usisumbuke. Miaka mitatu nilikuwa nimeishi na bibi yule, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na sikuwahi kumuuliza hata jina la nyasi.

Nilimcheka Domitila. Nilimwambia baba yako, "Mgeni wako anaombaomba mpaka majani." Baba yako akaendelea kusugua mpira wake.

Baada ya muda kona ile ikawa kijani. Kona tu, mwanangu, hata haikutosha kulaza ng'ombe wawili, lakini ukisimama barabarani jicho lilikuwa linakwenda pale pale. Migomba yangu imesimama upande wa pili imekunja majani. Watu waliokuwa wakipita walianza kumsalimia yeye kwanza. Na hapa ndipo ninapokuandikia jambo ambalo hata padri nilimpa nusu yake tu. Siku moja alikwenda kuteka maji, nikaingia kwenye kona yake nikang'oa marando yote ya mstari wa mwisho. Nilijiambia yamevuka mpaka, yamefuata migomba yangu. Si kweli. Niliona wivu juu ya mtu aliyefika kwangu bila hata sufuria.

Alirudi akanikuta nimesimama na marando mkononi. Nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na maneno yangu tayari. Yeye akatua ndoo, akayachukua yale marando, akaanza kuyafukia upya moja moja huku akisema, wala hakuwa na hasira:

"Mama Vere, haya ukiyang'oa yanaota tena. Yako unayabembereza yanakufa."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo, naye akacheka, na watoto wetu wawili migongoni wakaanza kulia kwa kutikiswa. Halafu nami nikalia. Miaka yote ile nilikuwa na mtu wa kunisifu kule Mugoma na mtu wa kunivumilia nyumbani, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia ukweli kwa namna ya kunichekesha.

Haikupita mwezi mwenyekiti wa kitongoji akaja. Alisimama pale mbele, akakataa kiti. "Mama Vere, shamba hiri mnarima nini? Mimi naona makaburi ya migomba." Baba yako akaanza kujieleza, mwenyekiti akamkatiza. Kulikuwa na watu wengi wanaotaka ardhi karibu na barabara, akasema, na kamati imechoka. Tulipewa msimu mmoja, ule wa vuli. Ukipita shamba likiwa vile, linakwenda kwa mwingine. Aliongeza kwamba hana ubaya na sisi, na nilimwamini, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Siku iliyofuata nilichukua panga nikakata migomba ya mama yangu yote. Baba yako alitaka kunisaidia nikamkataza. Nililia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na Domitila alikuwa nyuma yangu anakusanya majani na magogo yake, kwa sababu alishaona yatafaa kutandaza kwenye matuta. Yeye hakuwa mtu wa kuacha kitu kipotee kwa sababu mwenye nacho analia.

Kisha nikafanya alivyofanya yeye. Niliingia kwa bibi yule Msubi, nikapiga magoti, nikasema sina mbegu. "Wewe si mtu wa ndizi?" akaniuliza. Nikamwambia nimekuwa mtu wa hapa. Akaguna, akaingia ndani, akatoka na ungo. Alinipa karanga, alinipa mtama wa kichwa chekundu ambao ndege hawaupendi sana kwa sababu ya uchungu wake, na akanipeleka mwenyewe shambani kwake kunichagulia vijiti vya mihogo. Alikuwa anachuna jani, ananionyesha: lenye mabaka na kujikunja usikate hapo, ugonjwa umo ndani ya mti, utauhamishia kwako. Nilijifunza siku moja kuliko miaka mitatu ya ndoo na samadi.

Mvua ya kwanza ikaja na mbwembwe zake. Mikono iliniwasha, lakini tulikaa kitako tukaitazama. Ikakata siku tisa, na waliokuwa wamepanda haraka kando ya barabara wakapanda tena. Ya pili ilipokuja tulikuwa tumejipanga. Domitila kwenye matuta, mimi kwenye karanga, baba yako akifunga banda mapema kila siku kuja kushika jembe, na ninyi wawili chini ya turubai mnalishana udongo. Vere, sijawahi kufanya kazi kwa furaha vile. Kila kilichopandwa kiliota kana kwamba kilikuwa kinatusubiri.

Mwenyekiti alirudi na kamati nzima, wazee watano na daftari. Sikuwapa nafasi ya kusimama. Niliwaambia waingie shambani wachague tuta lolote. Mwenyekiti akanyooshea kidole tuta baya kuliko yote, la pembeni, mjanja yule, nikachimba. Kiazi cha kwanza kilitoka kikubwa kuliko kichwa chako wakati huo. Nikakishika juu kwa mikono miwili nikapiga vigelegele peke yangu, katikati ya wanaume watano waliokuja kuninyang'anya shamba, na Domitila akaitikia kutoka upande wa pili, na majirani wakatoka nje kuangalia nani anaolewa. Nilicheza, mwanangu. Nilicheza na udongo mikononi mpaka kitenge kikataka kunidondoka. Wazee wakacheka. Tukachemsha viazi, tukakaanga karanga, wakala wakamaliza, na yule mwenyekiti akafungua daftari akaandika mwenye shamba ni mimi, Generoza. Hakuandika jina la baba yako. Baba yako ndiye aliyemwambia aandike hivyo.

Na mtu wa kwanza kuniomba marando ya kupanda alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

Mihogo ilitupa raha mwaka uliofuata, na hiyo unaikumbuka. Madereva wa malori walikuwa wanaulizana kule mpakani Rusumo kama wamekula Lusahunga kwa mama wa mihogo. Sare yako ya kwanza ya shule ilitoka humo, na kila kitu mpaka cheti chako cha ualimu. Uliposema mihogo hii imekusomesha ulisema kweli, na nilipokupigia kelele nilikuwa najivunia mpaka nikashindwa kuongea vizuri.

Sasa usikilize kwa nini nimeitoa kwenye mzigo.

Serikali ilipotangaza wakimbizi wote warudi kambini, gari lilikuja kumchukua Domitila na wenzake kuwapeleka Ngara. Mimi nilikuwa nimemwandalia gunia: marando, vijiti, karanga, mtama, vyote vya kuchagua, vyote nimevitoa kwa moyo. Alilitazama akanishika mkono. "Mama Vere, kure niendako sikujui. Hivi ni vya hapa. Nikifika navyo, nitavipanda. Nikifika bila kitu, nitauriza." Akaliacha. Akapanda gari na mtoto wake na jembe alilolilimia kwangu, hilo tu alikubali. Nilikasirika. Nilihisi amenikataa mimi, kama unavyohisi wewe sasa hivi ukiisoma hii.

Nilikwenda kumtembelea kambini baada ya mvua moja. Mbele ya turubai lake kulikuwa na maharage yanayopanda miti, maboga, na mboga ya majani ambayo sikuwahi kuiona. Aliomba kwa wenyeji wa kilima cha jirani. Alikuwa anajua majina ya wote, na wao wanalijua la kwake. Tulikula, nikarudi nyumbani nimeshiba na nimeelewa.

Mihogo yetu ni mizuri hapa. Huko Keza kuna baridi asubuhi, sijui udongo wake, na mimi nimepita mara mbili tu nikiwa msichana. Huenda ikaota. Huenda ikakaa ardhini mpaka ukahamishwa shule bila kula hata mmoja. Hata ningejua, nisingekuambia. Unaona nilivyo na kishawishi: Keza ni Ngara, Mugoma ni Ngara, mama mtu anataka sana kukuambia panda ndizi, panda kahawa, fanya vile, fanya hivi. Lakini Ngara ninayoijua ni ya kabla ya wakimbizi, kabla vilima havijabaki vipara, na wanasema hata mvua zimebadili zamu. Ushauri wangu ungekuwa machipukizi ya mama yangu tena, ila ya maneno.

Na usinielewe vibaya, sikusema vya nyumbani ni vibaya. Ule mgomba wa kayinja nyuma ya bafu, unaokunywa maji ya kuogea na kutupa mkungu kila mara, nilipewa na jirani wa hapa hapa baada ya miaka. Kumbe ndizi inawezekana Lusahunga, ikiwa ni ile inayokubali na pale inapokubali. Nilihitaji kwanza kuacha kuilazimisha ya mama. Siku nilipokata mkungu wa kwanza nilimpelekea mama yangu Mugoma, nikamwambia ukweli wote kuhusu machipukizi yake. Alionja, akasema si mbaya. Kwa mama yangu hiyo ilikuwa sherehe.

Mahali pa lile fungu utakuta jembe. Ni jipya, na halina mpini. Sikusahau. Ukifika, usilinunulie mpini sokoni. Mtafute mtu mzima yeyote jirani na shule, msalimie vizuri, muulize hapa watu wanakata mipini kwenye mti gani. Atakutajia mti, atakupeleka ulipo, atakuchagulia tawi, na kabla hamjaachana atakuwa amekuambia mvua zao zinaanzia upande gani na udongo wako unapenda nini. Ukifika na jembe lenye mpini wake, kila mtu atakutakia kazi njema na kupita.

Nakupenda, Vere. Nimelima mengi, wewe umeota kuliko yote. Nilipoolewa nilishuka kwenye lori nikiwa na kila kitu, ikanichukua miaka mitatu kufika. Wewe nataka ufike kesho.

Mama yako,
Generoza